Moja kwa Kila Mia

Kavalgiri, 5 Rajabu 1213

Kwa mpwa wangu Makhdum, mwizi wa mafenesi ya watu,

Salamu nyingi kama mvua ya huku, na mvua ya huku unaijua. Sisi wazima. Mama yako mzima, goti tu ndilo linamsumbua, na jinsi anavyolitaja hilo goti utadhani ni mtu tunayeishi naye. Mkaza mjomba wako Rahmat Bi mzima. Ng'ombe mweupe kazaa dume. Paa la karakana limevuja miezi mitatu, sasa halivuji kwa sababu mvua imekoma, na fundi wa paa anasema ni kazi ya mikono yake.

Haya, sikiliza. Mwanangu Budan aliondoka hapa na mikokoteni kuleta roketi zangu elfu moja huko Pattana na kujiunga na kikosi chenu. Mwezi na nusu sasa, hajaandika hata herufi. Wewe ndiye mkubwa wake. Mshike sikio, mkalishe chini, mpe kalamu. Arusi yake na Mehtab ni baada ya Idi, na mzee Ghani, baba wa binti, keshaanza kuniuliza maswali ya upande upande. Mkaza mjomba wako anashona kanzu ya bwana arusi lakini hajui mwanawe kanenepa au kakonda. Mpime mabega kwa kamba, tia mafundo mawili, nitumie.

Niambie pia roketi zangu zinarukaje. Udongo wa ndani ya mabomba nimeukandika mwenyewe. Na katika kila mia nimerusha moja kwa mkono wangu, kama ilivyo desturi yetu mafundi wa Kavalgiri tangu babu. Mkaza mjomba wako husema hiyo si desturi ya mafundi, ni ya wapishi, kwani nani anampa mgeni mchuzi asiouonja? Mwache aseme. Elfu nyingine iko ghalani, nangoja amri niipakie.

Mjomba wako, Dastagir

*

Pattana, 27 Rajabu 1213

Mjomba, shikamoo. Shikamoo mkaza mjomba. Shikamoo mama.

Mimi mzima. Hapa baridi ya asubuhi imepungua. Tunakula tonge za ulezi na mchuzi wa kunde, jioni hivyo hivyo. Mto umeshuka. Maksai wawili waliumwa miguu, wamepona.

Roketi zilifika zote elfu moja. Masanduku hayakulowa njiani.

Kamba ya mabega ni hii ndani ya barua. Mafundo mawili kama ulivyosema.

Budan hawezi kuandika sasa. Kazi ni nyingi.

Zile elfu za ghalani ziache kwanza, mjomba. Zisubiri. Mwambie mama goti alisugue kwa mafuta ya ufuta.

Makhdum

*

Kavalgiri, 14 Shaabani 1213

Kwa mpwa wangu, mtu wa maneno matano,

Barua gani hiyo? Karani wa ushuru anaandika kwa huba kuliko wewe. Mama yako kanisomesha mara tatu, akidhani nyingine nimeificha. Nikamwambia, dada yangu, mwanao ndivyo alivyo, ukimkamua hutoki na kikombe.

Sisi wazima. Dume la ng'ombe limeshajua kupiga teke, limempiga fundi wa paa, Mungu hakosei. Pilipili manga zimezaa. Kamba imefika. Mkaza mjomba wako aliishika kwa muda mrefu, akaipima kwa kiganja, akairudia. Nikamuuliza, vipi, kanenepa? Akasema, "Kanenepa." Basi, akakata kitambaa, na kila siku yupo pale mlangoni na sindano yake. Siku hizi hasemi sana. Nadhani ni macho.

Sasa nataka uniandikie kama mtu aliyelelewa katika karakana yangu. Nasikia huko mafundi seremala wametengeneza magari mapya ya kurushia. Enzi zetu tulizirusha kutoka chini, mtu na roketi yake, ukikosea unajikosea. Gari hilo likoje? Na kwa nini niziache zile za ghalani? Nani kakwambia uniambie hivyo? Vita vinakuja, kila mpita njia anasema, na wewe unaniambia nikalie masanduku kama kuku.

Na Budan mwambie mama yake anauliza anakula nini.

Dastagir

*

Pattana, 9 Ramadhani 1213

Mjomba, shikamoo. Ramadhani njema kwenu nyote.

Mimi mzima. Nafunga. Nalala. Juzi nimekatwa kidole kidogo na bawaba, hakikuuma, nimekiona tu kikitoka damu.

Umeuliza gari. Lina magurudumu mawili na maksai wawili. Juu yake pana ubao mrefu wenye mifereji sita. Kila mfereji unalala roketi moja, bomba la chuma mbele, mwanzi wake wa mkia ukining'inia nyuma bila kugusa kitu. Ubao una bawaba kwa nyuma, na mbele unainuliwa kwa gongo lenye matundu. Unapitisha kigingi katika tundu unalotaka. Tundu la kwanza, roketi zinatambaa chini kwa chini na kuwavunja farasi miguu. Tundu la tano, zinapanda na kushukia nyuma ya safu ya adui. Bomba likiwa zito unapandisha tundu moja zaidi. Mimi ndiye mtu wa kigingi.

Maksai hufunguliwa kwanza wakapelekwa mbali. Mtu wa utambi husimama ubavuni, upande unaotoka upepo, na fimbo ndefu yenye moto. Huanza na roketi ya upande wa pili, ile ya mwisho, ili cheche zisipeperukie zile ambazo zamu yake haijafika. Nyuma hasimami mtu kabisa. Ukihesabu hadi saba zote sita zimekwenda.

Ndivyo lilivyo gari.

Mjomba, nakuuliza bila ubaya wala dharau. Zile elfu za kwanza, za masika, ulirusha kweli moja kwa kila mia?

Budan yuko pale pale.

Makhdum

*

Kavalgiri, 20 Ramadhani 1213

Makhdum,

Mama yako mzima na mkaza mjomba wako mzima na ng'ombe wazima. Salamu zimekwisha.

Ebo! Unaniuliza mimi? Mimi niliyekufundisha kushika tupa, niliyekufuta kamasi kwa kanzu yangu? Nimerusha, ndiyo. Kila mia moja. Alama yangu ya mwezi na nukta iko kwenye kila bomba, na mahali penye alama hiyo mtu haulizi. Nani kakutia maneno? Mafundi wa huko chini wananionea wivu tangu zamani, na wewe unakaa nao unakunywa maziwa yao.

Amri imekuja jana. Elfu ya ghalani inaondoka hapa tarehe kumi na tano Mfunguo Mosi, na mikokoteni ya mchele. Haya, zitakufikia, uzipange mwenyewe kwenye hayo magari yenu ya bawaba, halafu unipigie magoti.

Na huyo mwanangu mjinga mwambie hivi. Mzee Ghani kataka siku ya arusi nami nimemtajia. Kanzu imebaki kola. Kama ana hasira nami kwa jambo lolote, aje aseme hapa, uso kwa uso. Kabla hajaondoka tulikosana kidogo. Mwambie nimesahau, naye asahau.

Dastagir

*

Pattana, 29 Ramadhani 1213

Mjomba, shikamoo. Shikamoo mama. Mkaza mjomba sijui nimwamkie vipi.

Barua hii nimempa mkimbiaji wa serikali, rafiki yangu, ili ifike kabla ya tarehe kumi na tano. Isome peke yako, ukiwa umekaa.

Budan amekufa. Alikufa tarehe tatu Rajabu, asubuhi, katika uwanja wa mazoezi. Ulipokuwa unaniandikia ile barua ya kwanza alikuwa na siku mbili kaburini. Nimemwosha mwenyewe.

Tulikuwa gari moja. Siku ile utambi haikuwa zamu yake, aliiomba. Walipofungua sanduku nikaona alama ya mwezi na nukta, nikamwambia, kazi ya mzee hiyo. Akanivuta pembeni. Akasema, "Baba mwaka huu hakurusha hata moja. Mvua haikumpa nafasi, na amri ilikuwa inamkimbiza. Udongo kaukausha kwa moshi wa makapi ya mpunga siku kumi na moja, badala ya kivulini siku arobaini. Nilimwambia, akanifukuza karakana. Niache nirushe mimi kumi, moja kwa kila mia, badala ya mkono wake, moyo wangu utulie."

Nikacheka. Nikamwambia weye bwana arusi, nenda kale, waache wenye zamu yao. Akasema, "Weka kigingi, acha maneno." Nikaweka kigingi.

Mbili za kwanza ziliruka vizuri. Akanitazama, akacheka meno yote. Ya tatu, moto ulitoka ubavuni badala ya mkiani. Udongo ulikuwa na ufa. Iligeuka ndani ya mfereji, ikamrudia. Yeye alikuwa amesimama mahali pake sahihi, mjomba. Ubavuni, upande wa upepo, kama anavyotakiwa mtu.

Mkuu wa kikosi akaja akauliza bomba la fundi gani. Mwaka jana fundi mmoja alitiwa minyororo kwa jambo kama hili na hajatoka. Nilikuwa na tupa mfukoni. Kabla hajafika nilikuwa nimeifuta alama yako. Nikamwambia roketi haikuwa na kosa, Budan alisimama nyuma. Wameandika katika daftari la kikosi kwamba amekufa kwa uzembe wake mwenyewe. Nimemsingizia maiti. Nilimlea mgongoni, nami nimemsingizia.

Kamba ile ni mabega yangu.

Masanduku yako yaliyobaki hapa nimeyasukuma nyuma kabisa ya ghala na kuyafunika maturubai, hayo nayaweza. Elfu nyingine sitaiweza. Vita vikifika hakuna atakayenisikiliza, watapanga chochote kilicho mbele. Hapa kuna magari arobaini, na kila gari lina mtu wa utambi, na kila mmoja ana mama.

Usizilete. Silii, mjomba. Nimejaribu, hakuna kinachokuja.

Makhdum

*

Kavalgiri, 12 Mfunguo Mosi 1213

Mpwa wangu,

Barua imefika tarehe tisa. Sisi wazima. Mama yako mzima.

Nimesoma. Umesema kweli yote, na yeye alisema kweli. Alinisihi siku mbili. Nikamwambia yai halimfundishi kuku, nenda zako. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mwanangu, na hata mkate wa safari sikumfungia, alifungiwa na mama yake.

Jana nimefungua masanduku kumi ya ghalani, nikatoa roketi moja kwa kila mia. Nimekwenda nazo chini kwenye mashamba ya mpunga yaliyovunwa. Nimezirusha zote kumi. Nilisimama nyuma ya roketi, Makhdum, pale uliposema asisimame mtu. Kila moja nimeiwasha nikakaa nikingoja.

Zote kumi zimeruka sawa. Hata moja haikupinda. Ya mwisho imevuka mto mdogo na kuangukia kule kwenye mianzi, huwezi kuona kitu kizuri zaidi.

Nikarudi nyumbani nikala.

Kwa hiyo huwezi kujua ipi ina ufa. Ziko mia tisa na tisini, kwa macho zote ni moja. Nyuma ya ghala kuna kisima kikavu. Nimezitupa humo, mimi na ng'ombe mweupe na kigari, siku nzima, na juu yake udongo wa matope ya mto. Mtunza ghala nimemwambia zimeingia maji. Mikokoteni itaondoka na mchele mtupu.

Mkaza mjomba wako sijamwambia. Leo kaniuliza, Budan anakula nini huko? Nikamjibu kwa maneno yako, tonge za ulezi na mchuzi wa kunde. Kanzu imekwisha. Kaikunja, kaiweka sandukuni na karafuu.

Dastagir

*

Pattana, 3 Mfunguo Pili 1213

Mjomba, shikamoo. Shikamoo wote.

Mimi mzima. Adui yuko ng'ambo ya mto. Unaona moshi wa majiko yao. Tumewatupia roketi siku nne mfululizo, zetu zinakaribia kwisha. Mikokoteni imefika na mchele. Watu wamefungua magunia wakitafuta masanduku chini yake. Wanawalaani mafundi wa Kavalgiri kwa kutuacha mikono mitupu, na wananilaani mimi kwa kuwa natoka huko. Nimewaacha.

Masanduku yako ya nyuma ya ghala wameyaona jana. Nimekalia moja nikakataa kuinuka. Wamenipiga kidogo. Baadaye wakaleta mengine kutoka akiba iliyowekwa msikitini.

Sijui kama tumefanya sawa. Mtu wa utambi wa gari langu sasa ni Sikandar, wa Bellur, ana mdomo mchafu na hajui kuimba na anaimba. Bado yupo. Hilo tu ndilo ninaloweza kukuandikia.

Mwambie mkaza mjomba. Mimi siwezi kuendelea kumlisha Budan kunde.

Makhdum

*

Kavalgiri, 17 Muharram 1214

Kwa mpwa wangu Makhdum, popote utakapokuwa,

Salamu. Mji umeanguka, tumepata habari siku nane baadaye. Wageni wamepita hapa, wamehesabu mizinga na magunia, wamemuuliza mtunza ghala roketi ziko wapi, akasema ziliingia maji. Hawakuangalia kisimani. Barua hii nampa mchuuzi wa popoo anayeshuka huko. Akikukuta atakupa, asipokukuta atairudisha. Mama yako mzima. Kila siku anakaa njia panda na hilo goti lake. Mzee Ghani kamwoza Mehtab kwa mtu wa Shimoga.

Barua yako ya mwisho ilipofika nilimwandikia mkuu wa kikosi chenu. Nikamwambia bomba ni langu, udongo ni wangu, alama ilikuwapo ikafutwa, na mwanangu alisimama mahali pake sahihi. Nilitaka wamtoe katika daftari hilo la wazembe na waniandike mimi. Mkimbiaji kafika mtoni, kakuta daraja limekatwa, karudi nayo. Iko hapa, haijafunguliwa. Daftari sijui kama limeungua au limechukuliwa. Kama lipo, basi mwanangu bado ni mzembe mle ndani, na hakuna tena wa kumwandikia.

Mkaza mjomba wako nilimwambia siku ile ile ya barua yako. Alikuwa anapepeta mchele. Nilidhani atapiga ukelele. Alisema tu, "Kamba ile ilikuwa mabega ya Makhdum. Nimewashonea watu hawa wawili tangu wakiwa wachanga, mie nisijue? Najua tangu Shaabani. Nilikuwa nangoja kuona ni nani kati yenu atakuwa mwanamume wa kuniambia." Kanzu ni yako, alikushonea wewe akijua. Mchuuzi anayo.

Kisha akaniuliza jambo moja. "Ulirusha?"

Nikasema, sikurusha.

Akainuka, akaosha mchele, akaupika. Hajaniuliza lolote tena, wala hajanitukana, wala hajaenda kwa kaka zake. Tunaishi. Ila tangu siku hiyo, kila mlo, ananiletea sahani na kijiko, anakaa mbele yangu, anachota kijiko kimoja, anakila mwenyewe huku akinitazama. Anangoja kidogo. Halafu ananisogezea sahani nile.